Nyanya Asingoje Dari

Pinetown, 2014

Furaha mwanangu,

Mabegi yako yako mlangoni tangu jioni, na shangazi yako Odette amekwisha kukuhutubia kuhusu pasipoti, chakula cha njiani na vijana wanaojitolea kubeba mizigo ya watu mpakani. Sina la kuongeza hapo. Kama hukumsikia Odette, basi ni wewe peke yako, maana mtaa mzima umemsikia. Mimi nina jambo moja tu, na nimeshindwa kukuambia uso kwa uso. Kila nikianza, najikuta nakuuliza habari za basi. Afadhali niandike.

Jana ulikuwa jikoni unakaanga ndizi huku unaongea na Josué wako kwenye simu. Sikukusikiliza kwa siri. Wewe mwenyewe ukiongea na mtu wa Lubumbashi unapiga kelele kama vile simu haipo. Mlikuwa mnazungumza habari za nyumba anayowajengea kule, na habari za nyanya yako, mzazi wa mama yako, anayekaa peke yake Uvira. Nadhani Josué aliuliza mtamchukua lini aje kukaa nanyi. Ukamjibu: "Nyanya atakuja nyumba ikiisha. Dari, vigae, makaratasi, vyote. Ni vile Baba alifanyaka. Baba hakuhamia hapa mpaka karatasi ya mwisho ilitoka."

Ulisema hivyo kwa sauti ya mtoto anayejivunia baba yake. Mimi nilikuwa koridoni na kikombe cha chai mkononi. Nilirudi chumbani nikakaa kitandani, na ile chai sikuinywa.

Mwanangu, umejifunza kwangu kitu ambacho sikutaka mtu yeyote ajifunze. Ukisafiri nacho hivyo, nitakuwa nimemkosea mama yako mara ya pili, kupitia kwako. Kwa hiyo nivumilie. Nataka kukusimulia jinsi nyumba hii ilivyojengwa. Utasema unajua, ulikuwepo, ulibeba ndoo za maji ya zege. Ni kweli ulikuwepo. Lakini ulikuwa mtoto, na mambo mengi mimi na mama yako tuliyasema kwa kunong'ona, nyuma ya lile pazia lililogawa chumba chetu kule mjini.

Unaukumbuka mwaka ule wageni walipofukuzwa mitaani, tukalala kwenye ukumbi wa kanisa, wewe ukiwa juu ya mabegi kwa sababu sakafu ilikuwa baridi? Tuliporudi kwenye fleti tulikuta kila kitu mahali pake, hata sufuria ya maharage niliyoiacha jikoni, imeoza. Mama yako aliiosha. Alipomaliza akafuta mikono, akaniambia: "Papa Furaha, minataka fasi yangu. Hata kama iko kadogo. Nimechoka kulala fasi ya watu."

Hakuwa mwanamke wa kuomba vitu. Unamjua. Alikuwa akisimama kutwa nzima kule sokoni Warwick akisuka nywele za watu, akirudi miguu imevimba, na ukimuuliza umletee nini anasema hamna. Kwa hiyo aliposema anataka, nilisikia. Nilichukua zamu za usiku kule kiwandani Mobeni, yeye akaongeza saa zake, na baada ya miaka ya kujinyima tukapata kiwanja hiki, huku mlimani, kwa njia halali, kwa mwanasheria, jina langu na lake. Siku tulipokuja kukiona, kilikuwa majani na mteremko tu. Mama yako alivua viatu akakizunguka chote kwa miguu mitupu. Nilimcheka. Leo ningetoa nini nimwone tena akifanya vile.

Sasa sikiliza kosa la kwanza. Kwetu Uvira mtu akinunua kiwanja, kitu cha kwanza anachojenga ni ukuta. Nyumba baadaye. Kiwanja kisicho na ukuta kule unaweza kusafiri wiki mbili ukirudi ukute mtu mwingine anapika ndani yake, na ana hati kukuzidi wewe. Basi nami nikamwita Papa Dieudonné, fundi wa kanisani kwetu, tukajenga ukuta. Mrefu, wa matofali ya saruji, pande zote. Sikuuliza ofisi yoyote. Sikumsalimia jirani yeyote. Nilikuwa nimetoka kulala kwenye ukumbi wa kanisa, na nilitaka ukuta ambao mtu akiwa nje asijue kama ndani kuna mgeni au mwenyeji. Niliujenga kwa hofu, ndiyo maana ulitoka mrefu vile.

Hapa si Uvira. Hapa ni milima, na maji ya mvua yana njia zake tangu zamani. Mvua ya kwanza ilipopiga, maji yaliyokuwa yakipita kwenye kiwanja chetu yaligonga ukuta wangu, yakageuka, yakaingia jikoni kwa MaNgcobo, jirani wa chini. Asubuhi yake alikuja akagonga geti. Mimi nilikuwa ndani ya kiwanja, nimekuja kutazama kazi. Nilimwona kupitia tundu la geti, mwanamke mtu mzima, gumboot zimejaa tope, na sikufungua. Nilidhani amekuja kunifukuza. Alikuja tena. Sikufungua tena. Basi akaenda manispaa, na mimi ningekuwa yeye ningekwenda mapema zaidi.

Ndipo akaja mkaguzi wa majengo. Unamkumbuka, yule Mhindi mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliyekuwa akikupa peremende. Siku ya kwanza hakuwa na peremende. Alitazama ukuta, akatazama mtaro wa msingi tuliokwisha kuanza kuchimba, akauliza ramani iliyopitishwa iko wapi. Nikamwambia ramani iko kichwani mwa Papa Dieudonné. Hakucheka. Alitupa amri ya kusimamisha kazi. Akanieleza taratibu kabisa kwamba ukuta wa urefu ule unataka kibali, nyumba inataka kibali, mchoro uchorwe na mtu aliyesajiliwa, na kwa kuwa nyumba yetu ilikuwa inakaribia sana mpaka wa chini, ilihitajika saini ya jirani kuonyesha kwamba hana pingamizi. Jirani mwenyewe ni yule niliyemfurikisha jiko.

Msimu mzima kiwanja kililala hivyo. Saini moja tu ilikosekana, ya nyumba iliyo hatua chache kutoka getini kwangu, na mimi sikwenda kuiomba. Nilimwambia mama yako kwamba nitamwandikia barua yule mama. Nikamwambia nitamtuma mchungaji. Nikasema Kizulu changu hakitoshi, kana kwamba kusema samahani kunahitaji kamusi. Ukweli ni kwamba niliogopa, na mwanaume akiogopa anakuwa na sababu nyingi sana.

Jumapili moja mama yako alitoka kanisani akapanda taxi peke yake, hakuja nyumbani. Jioni akarudi na karatasi imesainiwa. Nilimuuliza amemwambia nini. Akasema: "Nimemwambia bwana yangu anawaogopa. Anawaogopa sana. Akacheka mpaka akatoa machozi, akanipatia chai." Nilikasirika. Niliona ameniaibisha. Kesho yake MaNgcobo alinisimamisha barabarani akaniambia, nusu Kizulu nusu Kiingereza: "Eish, baba. Umejenga ukuta kabla ya kuniambia sawubona." Kisha akaniuliza nitaupunguza lini, na bomba la kupitisha maji nitaliweka wapi. Tuliuvunja pamoja, mimi na Papa Dieudonné na wewe, ukafika huo urefu wa kiuno unaouona. Tangu hapo MaNgcobo amekuwa mtu wetu, na hakuna usalama niliopata mji huu kuzidi kujulikana jina na yule mama.

Ukisikia hadi hapo unaweza kudhani nilikuwa nimeponyoka. Nilikuwa nimetoka shimo moja nakwenda jingine.

Kuna jambo kuhusu mimi na mama yako ambalo wewe, kwa bahati yako, hulijui vizuri. Tulikaa miaka mingi na karatasi za ukimbizi, zile za kuhuishwa kila zikikaribia kwisha. Unakwenda foleni kabla ya jua, unafika dirishani mchana, na yule aliyekaa upande wa pili ameshachoka na sura za watu kama sisi. Kwenye ile foleni kila mtu anajifunza kitu kimoja bila kufundishwa: ukipewa karatasi yako, kunja, weka ndani ya shati, ondoka. Usiulize swali la pili. Swali la pili linamfanya mtu aitazame karatasi yako upya. Nimewaona watu walioingia na shida moja wakauliza swali wakatoka na tatu. Basi mimi nikawa mtu wa swali moja. Hata baada ya kupata ukazi wa kudumu, miguu yangu ilikuwa bado ile ya foleni.

Manispaa iliponipa amri ya kusimamisha kazi, niliapa kwamba hawatanikuta na kosa tena. Nikawa mtu wa sheria kupita sheria yenyewe. Mchoro ulipopitishwa, mtaro wa msingi ulipokuwa tayari, Papa Dieudonné alisema tumwage zege kabla mvua haijaja. Nikakataa, mkaguzi lazima aone mtaro kwanza. Hapo nilikuwa sahihi. Mvua ikaja, mtaro ukabomoka, tukachimba upya, na Papa Dieudonné hakuniongelesha mpaka kuta zilipofika kwenye lenta, juu ya madirisha. Mkaguzi alipokuja akanisifu. Kanisani nikaanza kujulikana. Mtu akitaka kuongeza chumba anaambiwa, muone Papa Furaha, yeye anajua makaratasi. Nilipenda kusikia hivyo. Nilianza kuongea kama mtu wa ofisini, nikiwakatisha watu na kusema "utaratibu hausemi hivyo." Mama yako alikuwa akinikodolea macho tu.

Na yeye wakati huo alikuwa anaumwa. Unajua ulivyoanza ule ugonjwa wa moyo, miguu ikivimba, pumzi ikikatika, akawa halali mpaka aegemee mito. Na lifti ya lile jengo letu mjini ilikuwa imekufa siku nyingi. Wewe ndiye uliyekuwa ukipanda nyuma yake na kile kigoda cha plastiki, ukimwekea kila anapofika penye kona ya ngazi, akae, apumue, aendelee. Ulikuwa msichana wa shule, na sare yako mwilini, ukimngoja mama yako apate pumzi. Sikukushukuru kamwe kwa jambo lile. Nakushukuru sasa.

Kila Jumamosi nilimleta huku aone kazi. Alikuwa akikaa juu ya mfuko wa simenti kama bibi harusi, akigawa vyumba. Hiki cha Furaha. Hiki chetu. Hiki cha mama yangu akija. Maana nyanya yako naye alikuwa aje kuishi nasi. Tulimwambia angoje nyumba iishe, asije kubanana kwenye fleti, na yeye akakubali kungoja.

Kuna Jumamosi moja ambayo hukuwepo. Ulibaki mjini una mtihani. Nyumba ilikuwa na paa. Maji yalikuwa yanatoka, choo kinafanya kazi, mlango wa mbele unafunga, umeme umeshakaguliwa. Kulibaki vitu vidogo: reli ya ngazi ya nyuma, bomba la kuteremsha maji ya mvua kutoka kwenye paa, rangi. Vikimalizika, mkaguzi angepita mara ya mwisho na kutoa karatasi inayoruhusu watu kukaa ndani. Mama yako alikuwa amekaa kwenye kile chumba chetu, mgongo ukutani, jua linamwingilia miguuni. Nilipomwambia twende, tusije tukakosa taxi, hakusimama.

"Papa Furaha," alisema, "paa iko?"

"Iko."

"Maji iko. Choo iko. Sasa kunakosa nini?"

"Reli ya ngazi ya nyuma. Na bomba. Mkaguzi hajapita."

"Mimi sitapita ngazi ya nyuma."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akasema: "Tandika godoro humu. Siku moja tu. Minataka niamke asubuhi, nifungue macho, nione hii ukuta."

Nikamwambia bado kidogo, Mama Furaha. Wakitukuta tunalala ndani bila karatasi watasimamisha kila kitu tena.

"Watatufanya nini, watatufukuza? Sisi tulikwisha kufukuzwa na watu wenye kujua hiyo kazi."

Bado kidogo, nikamwambia. Bado wiki chache. Nikampa mkono nikamnyanyua. Ndani ya taxi aliegemea dirisha, na mimi njia nzima nikawa nikieleza habari za bomba, litapita wapi, litafungwa na nini. Tulipofika mjini wewe uliteremka na kigoda chako, akaanza kupanda.

Hakurudi huku tena. Hazikupita wiki nyingi akalazwa, na hakutoka hospitali. Mama yako alifariki akiwa mpangaji, Furaha. Ana nyumba yenye jina lake, yenye paa na maji, na amefariki akiwa mpangaji. Nimejaribu kuisema sentensi hii kwa namna nyingine na sijapata.

Kilio unakikumbuka. Watu walikuja kutoka kila upande, wa kanisani, wa Warwick, hata kutoka Johannesburg, na fleti haikuweza kubeba hata robo yao. MaNgcobo akaniuliza watu watakaa wapi. Nikatoa funguo mfukoni nikampa, bila kufikiri. Yeye na wanawake wengine wakafagia vumbi la simenti, wakaleta masufuria na mikeka. Siku zote za kilio watu walilala humu ndani. Koridoni, sebuleni, jikoni. Kwenye kile chumba walilala kina mama wa kanisa, wamebanana mpaka mlangoni. Asubuhi moja nilikuwa nawaruka watu ili nifike chooni, nikaona kupitia dirishani ile ngazi ya nyuma haina reli, na hapo ndipo nikakumbuka karatasi. Hakuna aliyekuwa amekuja kutufukuza. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Watu wote waliompenda mama yako walilala nyumbani kwake, isipokuwa yeye. Nilitoka nikaenda nikasimama nyuma ya nyumba, na mtu akadhani nimepatwa na kizunguzungu akaniletea kiti.

Na sijui nilikuwa na akili gani. Kilio kilipokwisha nilifunga nyumba, nikakurudisha fleti. Uliniuliza kwa nini turudi wakati tumekwisha kulala kule. Nikakujibu, sheria. Ukaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nadhani siku hiyo ndiyo uliyojifunza ulichokuwa ukimwambia Josué jana.

Sasa sikiliza la mwisho, ambalo sijamwambia mtu, hata Odette. Reli iliwekwa, bomba likafungwa, mkaguzi akapita. Alitazama kila kitu, akasema nyumba nzuri, akaandika. Kisha akauliza mama yuko wapi, kwa sababu Jumamosi zile alizoea kumsalimia. Nikamwambia. Alivua miwani yake, akakaa kwenye ngazi ya nyuma, akaniuliza alikuwa mgonjwa tangu lini. Nikamwambia. Akasema, taratibu, kama mtu asiyetaka kunigonga: "Kwa nini hukuniambia? Nyumba ikiwa na paa, maji na choo, mwenye nyumba anaweza kuomba ruhusa ya kuingia mapema wakati kazi ndogo zinamaliziwa. Unaandika barua tu, mimi napita kutazama kama ni salama. Ningekuja haraka."

Nikamuuliza, hiyo iko kwenye sheria? Akasema iko kwenye sheria.

Mimi ndiye Papa Furaha wa makaratasi. Mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha watu utaratibu kwenye ngazi za kanisa. Yule mtu alikuwa anakuja hapa kila hatua, ananipa mkono, anampa mtoto wangu peremende, na sikumuuliza swali la pili. Neno moja tu. Mke wangu mgonjwa, nifanyeje? Sikuuliza, kwa sababu karatasi zangu zilikuwa sawa na sikutaka kuziharibu.

Nimesikia ukiwaambia rafiki zako kwamba manispaa ilimnyima mama yako nyumba. Usiseme hivyo tena, tafadhali. Manispaa ilitaka reli kwenye ngazi ili mtu asianguke. Niliyemnyima ni mimi. Na usidhani naandika haya ili uniambie si kosa langu. Ukija asubuhi na uso wa kunihurumia nitakasirika, nakuonya mapema. Hasira ninayo nyingi na yote ni yangu. Naipeleka kazini, nairudisha, nalala nayo kwenye chumba kile ambacho kila asubuhi nafungua macho naona ule ukuta.

Nisikilize vizuri pia kwa upande mwingine, maana nakujua, unapenda kuruka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kama baba yako. Sisemi mjenge ovyo. Mwambie Josué asiongeze hata tofali moja kabla hati ya kiwanja haijawa mkononi, hata kama binamu yake anamfahamu mtu ofisini. Hasa kama binamu yake anamfahamu mtu ofisini. Majirani wako wa kule waendee kabla hujafungua mizigo, mikono mitupu, uwaambie majina yenu. Ukikaa mbele ya mtu wa ofisi, mweleze maisha yako yalivyo, siyo karatasi zako tu. Akikujibu vibaya, umepoteza nini? Mimi nilinyamaza vizuri sana, na unaona nilichopata.

Lakini nyumba haina haraka, Furaha. Itakaa pale itungoje. Watu ndio hawangoji. Nyanya yako alikuwa mtu wa kwanza tuliyemwambia angoje. Akangoja. Akangoja chumba chake hapa Pinetown, na siku moja nikampigia simu kumwambia kwamba mwanawe amefariki, na hata kuja kumzika hakuweza. Tangu siku ile hajaniuliza habari za nyumba hii hata mara moja. Hunisalimia, huuliza habari zako, huaga. Na jana nikasikia tena, jikoni kwangu, mtu akisema Nyanya atakuja nyumba ikiisha.

Kwa hiyo nimefanya jambo, na utakasirika, na una haki. Leo jioni ulipokwenda kumuaga MaNgcobo, nilimpigia Nyanya. Nilimsimulia yote haya, yote niliyokuandikia hapa, mpaka habari ya godoro. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Na ile nyumba ya Furaha imefika wapi?"

Nikamwambia: "Iko kuta na bati, Mama. Dari haiko. Vigae haviko. Chumba kimoja tu ndicho kimekwisha."

"Maji?"

"Iko bomba nje."

"Basi inatosha. Ya mwanangu Zawadi mliniambia ningoje, nikangoja. Hii sitangoja. Mwambie Furaha mimi nililala penye vumbi ya simenti nyumba zangu zote, na mama yake nilimzaa ndani ya moja yenye haikukuwa na dirisha."

Kuna mpwa wake anayesafirisha dagaa kwa meli hadi Kalemie. Atakuja naye mpaka hapo, mwisho wa mwezi. Josué ampokee Kalemie, naye nimekwisha kumpigia, na amekubali haraka kuliko nilivyotarajia. Nadhani alikuwa anangoja mtu amruhusu. Huna kazi ila kutandika.

Nyanya anauliza kama Lubumbashi kuna baridi, aje na mablanketi yake au asibebe. Mimi sikujua. Nimemwambia utampigia asubuhi kabla hujapanda basi, na amesema ataanza kufunga mizigo leo.

Baba yako